Shule Itajuaje Kwamba Mtoto Hayupo?

Zikitajwa shule zilizofunguliwa kwa njia ya mtandao wakati wa gonjwa la korona, watu wengi huwaza kompyuta kwanza. Zitatoka wapi, nani atanunua bando, umeme ukikatika itakuwaje. Ni maswali ya haki. Lakini kwa sisi tunaosoma mipango ya elimu kama kazi, lipo swali linalotangulia hayo yote: siku mtoto asipoingia darasani, nani atajua, na akishajua atafanya nini?

Katika shule ya kawaida jibu lipo lenyewe. Mwalimu anaita majina ya rejesta, dawati liko wazi, jirani yake anasema anaumwa. Jengo likifungwa, mfumo huo wote wa kupeana habari unafungwa nalo, na mpango usiposema wazi nini kitachukua nafasi yake, mtoto anaweza kutoweka bila mtu yeyote kufanya kosa linaloonekana.

Mfano ninaoutumia ni wa wilaya ya shule za umma za Jefferson County, yaani jiji la Louisville katika jimbo la Kentucky, Marekani. Wilaya hiyo ina wanafunzi wapatao laki moja. Pia ni miongoni mwa wilaya za Marekani ambako Kiswahili ni lugha kubwa majumbani mwa wanafunzi, kwa sababu familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zimepelekwa huko, baadhi zikitokea kambi kama Nyarugusu, Kigoma. Kwa hiyo mpango uliopitishwa na bodi ya shule ya Louisville uliwagusa watoto wa wasemaji wa lugha hii moja kwa moja.

Ifahamike kwamba Marekani haina wizara inayoamua shule zote zifunguliwe lini. Wilaya ya shule ni mamlaka inayojitegemea: ina bodi iliyochaguliwa na wananchi, ina kodi yake, inaajiri walimu wake. Wilaya hizo ni kama 13,000. Jimbo huweka sheria na kutoa sehemu ya fedha, lakini kiangazi cha mwaka 2020 kila bodi ilibidi ikae ipange njia yake.

Kentucky ilikuwa na kitu cha kuanzia, nacho kilitokana na theluji. Tangu mwaka 2011 jimbo hilo liliruhusu wilaya kuhesabu siku za masomo hata barabara zikifungwa na barafu, mradi watoto wapewe kazi za kufanya nyumbani. Utaratibu huo, ufundishaji usio wa kawaida, huitwa kwa kifupi cha Kiingereza NTI, na ulikusudiwa kwa siku zisizozidi kumi kwa mwaka. Gavana Andy Beshear alipozitaka shule zisitishe masomo ya ana kwa ana katikati ya Machi 2020, utaratibu wa siku kumi ukawa ndio shule yenyewe. Louisville, ambayo haikuwa na desturi ya kuutumia, iliuanza tarehe 7 Aprili kwa kompyuta ndogo zilizogawiwa kwa maelfu na kwa bahasha za mazoezi ya karatasi. Julai bodi ikaamua mwaka mpya uanze kwa njia hiyo hiyo, na tarehe 25 Agosti 2020 masomo yakaanza, kila mtoto akiwa kwao.

Sasa turudi kwenye rejesta. Katika mwaka ule Kentucky iliacha kuhesabu mahudhurio na badala yake ikahesabu ushiriki. Mwanafunzi aliandikwa kuwa ameshiriki ikiwa shule ilimpata angalau mara moja kwa siku: kwa simu, kwa video, au kwa kuingia kwenye programu ya masomo na kufanya kazi humo.  Hapa pana uamuzi wa busara na pana udhaifu.

Busara ni kwamba sharti hilo halikumfunga mtoto kwenye saa. Familia yenye watoto wanne na kompyuta mbili haiwezi kuwaweka wote mbele ya kioo saa tatu asubuhi. Jimbo pia liliruhusu mgao wa fedha ukokotolewe kwa mahudhurio ya miaka ya kabla ya gonjwa. Jambo hilo halizungumzwi sana na lina uzito mkubwa, kwa sababu fedha za shule Kentucky hufuata wastani wa watoto wanaohudhuria kila siku. Kama kila jina lisiloonekana lingekuwa fedha inayokatwa, pangekuwa na kishawishi cha kuandika watoto ambao hawakuwapo, na rejesta ingepoteza kazi yake ya kumtafuta aliyepotea.

Udhaifu ni kwamba mguso mmoja kwa siku ni kipimo chepesi mno. Mtoto aliyefungua programu asubuhi akaiacha wazi na kurudi kulala anaweza kuhesabiwa sawa na aliyesoma hadi mchana. Kipimo cha namna hiyo kinakuambia nani amekosekana kabisa, basi. Nani anadidimia polepole, hakisemi. Kwa maoni yangu mpango wowote wa kusoma mbali unahitaji rejesta mbili, moja ya kuonekana na nyingine ya kazi iliyokabidhiwa, na mtu mmoja anayezisoma pamoja kila wiki.

Intaneti nayo huingia katika hesabu hii kwa mlango ambao wengi hawauoni. Wakati ule serikali ya Marekani iliihesabu intaneti ya nyumbani kuwa ya kasi ikiwa inapokea megabiti 25 kwa sekunde na kutuma megabiti 3. Kupokea 25 kunatosha kutazama filamu. Lakini darasa la video humtaka mtoto atume sura na sauti yake, na picha ya mtoto mmoja inaweza kula megabiti moja au zaidi. Watoto watatu wakiwa darasani kwa pamoja, njia ya kutuma imejaa. Mmoja anakatika. Kwa mwalimu upande wa pili, aliyekatika na mtoro wanafanana: mraba mweusi, kisha hakuna mraba. Familia iliyotegemea modemu ndogo ya mtandao wa simu ilikuwa na hali ngumu zaidi.

 

Lugha ndiyo sehemu ambayo ningependa msomaji akae nayo. Tuseme shule imegundua kwamba mwanafunzi wa darasa la sita hajaonekana kwa siku tatu. Inapiga simu nyumbani. Mama anapokea, anasikia Kiingereza, anampa simu mtu anayekielewa Kiingereza humo ndani. Mtu huyo, mara nyingi, ni yule yule wa darasa la sita. Yeye ndiye atakayemfasiria mama yake habari za utoro wake mwenyewe. Si lazima adanganye. Inatosha apunguze, na mtoto yeyote angepunguza.

Sheria ya Marekani inalijua jambo hili kwa kiasi. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi kwa misingi ya asili ya mtu katika shughuli zinazopokea fedha za serikali kuu. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotoka San Francisco na kuwahusu wanafunzi wenye asili ya Kichina, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu kile kile na mwalimu yule yule katika lugha asiyoielewa si kumtendea sawa. Kwa msingi huo wilaya zinatakiwa pia ziwasiliane na wazazi kwa lugha wanayoielewa, na mkalimani awe mtu mwenye uwezo, si mtoto wa nyumbani. Haki hiyo ipo siku zote. Gonjwa liliongeza uzito wake, kwa sababu mzazi aliyezoea kufika shuleni na kuelewana na mwalimu kwa ishara na tabasamu sasa alibaki na simu na barua pepe tu.

Hata barua iliyofasiriwa vizuri ina mpaka wake. Wazazi wengi waliotoka Fizi au Uvira, mashariki mwa Kongo, husema Kiswahili maisha yao yote bila kuzoea kukisoma katika nyaraka za ofisi. Maelekezo ya kubadilisha nywila, yakiandikwa kwa Kiswahili sanifu cha kurasa mbili, hayawafikii. Ujumbe wa sauti wa dakika moja, kutoka kwa mtu anayejulikana katika jumuiya, huwafikia. Wilaya inayopanga bajeti ya kusoma mbali ingefaa itenge fedha za watu wa namna hiyo kwanza, kisha ndipo inunue programu nyingine.

Kwetu Afrika Mashariki njia ilikuwa nyingine. Tanzania ilifungua shule zake zote mwishoni mwa Juni 2020. Kenya ilirudisha baadhi ya madarasa tarehe 12 Oktoba na yaliyobaki Januari 2021. Uganda haikufungua kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Masomo ya redio na televisheni yalifika mbali kuliko kompyuta yoyote ingefika, na ninayaheshimu. Ila redio haijui nani anaisikiliza. Milango ilipofunguliwa ndipo walimu walipojua nani ameolewa, nani yuko kazini, nani hatarudi.

Louisville iliwarudisha watoto wa chekechea hadi darasa la pili tarehe 17 Machi 2021, kwa zamu, wakubwa wakifuata, na mzazi aliyetaka mwanawe abaki nyumbani aliruhusiwa. NTI yenyewe haikufutwa. Imerudi kwenye siku zake kumi, na theluji au mafua yakizidi shule za Kentucky huweza kuitumia tena. Kwa hiyo mwenye ndugu anayehamia huko amwambie hivi: siku ya kuandikisha mtoto atapewa dodoso la lugha ya nyumbani. Ajaze Kiswahili, hata kama mtoto tayari anakijua Kiingereza. Kisha aulizie ofisini kama faili lina namba ya simu anayoipokea yeye mwenyewe, na aseme kwamba anataka mkalimani. Mkalimani huyo halipiwi na mzazi.