Kufanya Kazi Katika Jimbo Zaidi ya Moja Marekani: Ritani, Programu na Makosa ya Kuepuka

Kila mwaka, ifikapo tarehe 15 Aprili, wakaazi wa Marekani wenye kipato kinachotozwa kodi hutakiwa kuwa wamewasilisha ritani ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa Idara ya Mapato ya nchi hiyo, IRS. Tarehe hiyo husogezwa mbele pale inapoangukia mwisho wa wiki au sikukuu. Kwa Watanzania na wananchi wengine wa Afrika Mashariki wanaoishi huko, wakiwamo wauguzi wa mikataba ya muda mfupi, madereva wa malori ya masafa marefu na wataalamu wanaomfanyia kazi mwajiri wa mbali kwa njia ya mtandao, ritani hiyo ya shirikisho ni sehemu moja tu ya wajibu wao. Sehemu ya pili ni ritani za majimbo, na huko ndiko mlipakodi anakoweza kujikuta akitozwa mara mbili kwa mshahara uleule.

Jambo hili huwashangaza wengi waliozoea utaratibu wa nyumbani. Nchini Tanzania, kodi ya mapato ni suala la Muungano na husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mtumishi anayehamishwa kutoka Mwanza kwenda Mtwara katikati ya mwaka hawi na ritani mbili kwa sababu ya uhamisho huo. Nchini Marekani, kila jimbo lina bunge lake, sheria yake ya kodi, fomu zake na mamlaka yake ya kukusanya. Aliyehama jimbo moja kwenda jingine katikati ya mwaka anaweza kulazimika kuwasilisha ritani tatu: moja ya shirikisho na mbili za majimbo.

Jimbo lipi lina haki ya kutoza

Misingi miwili ndiyo huongoza. Kwanza, jimbo analoishi mlipakodi hutoza mapato yake yote, popote yalipopatikana. Pili, jimbo ambalo kazi imefanyika ndani yake hutoza sehemu ya mapato iliyopatikana humo, hata kama mfanyakazi si mkaazi.

Majimbo tisa hayatozi kodi ya mishahara. Nayo ni Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Hata hivyo, kuishi katika mojawapo ya majimbo hayo hakumwondolei mtu wajibu kwingineko. Muuguzi mwenye makazi Texas aliyefanya kazi miezi mitatu katika hospitali ya California anatakiwa kuwasilisha California ritani ya asiye mkaazi, ingawa Texas haimdai ritani yoyote ya mshahara.

Pale majimbo mawili yanapotoza mapato yaleyale, jimbo la makazi kwa kawaida hutoa nafuu kwa kodi iliyolipwa kwingine. Kwa mfano, iwapo jimbo la kazi limemtoza mfanyakazi dola 3,000, na jimbo la makazi lingemtoza dola 2,400 kwa mapato hayohayo, nafuu itakuwa dola 2,400. Jimbo la makazi halitamdai kitu kwa mapato hayo, lakini dola 600 zilizozidi halitamrejeshea. Hesabu zikiwa kinyume, mfanyakazi atalipa tofauti kwa jimbo la makazi. Kwa ujumla, mlipakodi hubeba kiwango kilicho kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili.

Nafuu hiyo imewahi kufika Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2015, katika shauri kati ya Maryland na familia ya Wynne, Mahakama iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kuwa utaratibu wa Maryland wa kuwanyima wakaazi wake nafuu hiyo katika sehemu ya kodi ya kaunti ulikiuka Katiba, kwa kuwa uliyaelemea mapato yaliyopatikana nje ya jimbo.

Mikataba na kanuni za pekee

Baadhi ya majimbo jirani yana mikataba ya kutotozana wafanyakazi. Mkaazi wa New Jersey anayeajiriwa Pennsylvania hulipa kodi ya jimbo ya mshahara wake New Jersey tu, na kinyume chake. Minnesota ina mkataba wa namna hiyo na Michigan pamoja na North Dakota. Mkataba wake na Wisconsin ulisitishwa kuanzia mwaka wa kodi wa 2010, hivyo anayevuka mpaka huo kwenda kazini huwajibika pande zote mbili. Wilaya ya Columbia, lilipo jiji la Washington, haitozi kodi mishahara ya wasio wakaazi wake.

Mikataba hiyo haijitekelezi yenyewe. Mfanyakazi hutakiwa kumkabidhi mwajiri fomu ya kuomba asikatwe kodi ya zuio ya jimbo la kazi. Asipofanya hivyo hukatwa, na fedha hizo huzipata tu kwa kuwasilisha ritani ya kudai marejesho.

Madereva wa malori wana ulinzi wa pekee. Sheria ya shirikisho inaelekeza kuwa mshahara wa dereva anayetekeleza kazi zake za kawaida katika majimbo mawili au zaidi utozwe na jimbo la makazi yake pekee. Dereva anayeishi Ohio na kupita Indiana, Illinois na Iowa kila wiki hana sababu ya kuwasilisha ritani za majimbo hayo kwa mshahara huo. Akikuta kwenye fomu yake ya W-2 kuwa amekatwa kodi ya jimbo alilopita tu, anapaswa kumtaka mwajiri arekebishe.

Wanaofanya kazi nyumbani nao wana tahadhari yao. New York hufuata kanuni inayohesabu siku za kazi za nyumbani, nje ya jimbo, kuwa siku za New York iwapo ofisi ya mfanyakazi iko huko na anakaa nyumbani kwa urahisi wake mwenyewe, wala si kwa mahitaji ya mwajiri. Majimbo mengine machache yana kanuni zinazofanana na hiyo. Kwa sababu hiyo, anayekaa Connecticut siku zote za juma anaweza bado kudaiwa na New York.

Aidha, baadhi ya miji hutoza kodi yake. Katika jimbo la Ohio utaratibu huo umeenea, na jiji la Columbus hutoza asilimia 2.5 ya mapato ya kazi. Anayehesabu kodi ya shirikisho na ya jimbo tu anaweza kupokea barua ya madai kutoka jijini miaka kadhaa baadaye.

Programu inafanya nini, na haifanyi nini

Kwa kuwa sheria ni nyingi, watayarishaji wa ritani hutegemea programu za kompyuta. Sheria pia inawasukuma huko, kwani mtayarishaji anayelipwa ambaye anatarajia kuwasilisha ritani 11 au zaidi za watu binafsi kwa mwaka hutakiwa kuziwasilisha kwa njia ya kielektroniki. Miongoni mwa programu zinazotumika sana katika ofisi hizo ni Drake Tax, Lacerte, ProSeries, UltraTax CS na CCH Axcess Tax. Kutajwa kwake hapa si kuzipendekeza.

Tofauti ya kwanza inayozungumzwa miongoni mwa watayarishaji ni bei ya majimbo. Kuna programu zinazouzwa kwa bei moja ya mwaka pamoja na majimbo yote, kuna zinazouza kila jimbo peke yake, na kuna zinazotoza kwa kila ritani. Ofisi ndogo ambayo wateja wake wote huishi jimbo moja huona unafuu katika mpango wa mwisho. Hesabu hubadilika anapokuja mteja mmoja aliyefanya kazi katika majimbo manne, kwa kuwa gharama za fomu zake zinaweza kukaribia malipo yote ambayo ofisi ilipanga kumtoza.

Tofauti ya pili ni namna programu inavyogawa mapato. Programu nzuri huruhusu kila kipato kuwekewa jimbo lake, kisha hupeleka nafuu katika ritani ya makazi. Hata hivyo haijui ni siku ngapi mteja alikuwa wapi, wala tarehe aliyohama. Taarifa hizo hutoka kwa mteja, na zikikosewa, programu itakokotoa kwa usahihi kabisa jibu lisilo sahihi.

Tofauti ya tatu ni uwasilishaji. Ritani ya jimbo inaweza kufungamanishwa na ya shirikisho. Ya shirikisho ikikataliwa, kwa mfano kwa sababu namba ya hifadhi ya jamii ya mtegemezi imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, ya jimbo nayo hukwama. Vilevile, si kila programu inaweza kuwasilisha kielektroniki ritani za miji. Mtayarishaji asiyefuatilia uthibitisho wa kila ritani anaweza kuamini kazi imekwisha ilhali bado.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni mpangilio. Utaratibu ulio salama ni kukamilisha ritani ya shirikisho, kisha za majimbo ambayo mteja si mkaazi, na kumalizia na jimbo la makazi, kwa sababu nafuu haiwezi kukokotolewa kabla ya kodi ya jimbo jingine kujulikana.

Kosa la pili ni kuchanganya kodi iliyokatwa na kodi inayostahili. Nafuu hutolewa kwa kodi inayostahili kama ilivyokokotolewa katika ritani ya jimbo la kazi, si kwa kiasi kilichokatwa na mwajiri na kuonyeshwa kwenye W-2. Aliyekatwa dola 3,500 lakini kodi yake halisi ni dola 3,000 hurejeshewa dola 500 na jimbo la kazi, na nafuu yake hukokotolewa kwa dola 3,000. Anayedai nafuu ya dola 3,500 atakuwa amedai zaidi ya haki yake.

Kosa la tatu linahusu W-2 yenyewe. New York huwataka waajiri kuonyesha mshahara wote katika mstari wa jimbo hilo, hata kama sehemu yake ilipatikana kwingine. Fomu ikiwa na mstari wa New York na wa New Jersey, jumla ya mishahara ya majimbo inaweza kuonekana kuwa karibu mara mbili ya mshahara halisi. Asiyelijua hilo huweza kuutoza mshahara mmoja kana kwamba ni miwili.

Kosa la nne ni kanuni zinazogeuka. Kwa kawaida nafuu hudaiwa jimbo la makazi, lakini mkaazi wa Oregon, Arizona au Virginia aliyepata mapato California huidai katika ritani ya California ya asiye mkaazi. Akiidai nyumbani kwa mazoea, hukataliwa.

Kosa la tano ni tarehe. Delaware na Iowa hupokea ritani hadi 30 Aprili, Virginia hadi 1 Mei na Louisiana hadi 15 Mei. Anayeomba muda zaidi kwa IRS hupewa hadi 15 Oktoba kuwasilisha ritani, lakini muda wa kulipa hauongezwi. Riba na adhabu ya kuchelewa kulipa huendelea kuhesabiwa tangu Aprili.

Kwa nini kunyamaza ni hatari

Wapo wanaoona kuwa ritani ya jimbo walilofanya kazi majuma machache inaweza kuachwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba, kwa kawaida, muda wa ukomo wa jimbo kudai kodi hauanzi kuhesabiwa mpaka ritani iwasilishwe. Jimbo linaweza kuja na dai baada ya miaka sita au saba, pamoja na riba. Wakati huo, muda wa kurekebisha ritani ya jimbo la makazi ili kupata nafuu unaweza kuwa umekwisha pita, kwa kuwa marejesho mengi huwa na ukomo wa karibu miaka mitatu. Hapo ndipo mtu hulipa mara mbili kweli, bila njia ya kurudishiwa.

Kumbukumbu za kodi zina uzito pia katika masuala ya uhamiaji. Anayemdhamini mwenzi au mzazi kwa fomu ya I-864 hutakiwa kuambatisha ritani yake ya shirikisho ya karibuni zaidi. Ritani iliyojaa makosa huweza kuchelewesha familia nzima.

Kumchagua mtayarishaji

Majimbo mengi hayahitaji leseni kwa mtayarishaji wa ritani, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kuwa IRS haina mamlaka ya kuwapa mitihani na leseni watayarishaji wote. Lakini kila anayelipwa kwa kazi hiyo lazima awe na namba ya utambulisho iitwayo PTIN, asaini ritani na kuiandika namba hiyo. Anayekataa kusaini, anayetaka malipo kwa asilimia ya marejesho, au anayeelekeza marejesho katika akaunti yake mwenyewe, ni wa kuepukwa. Wahasibu wenye leseni ya jimbo, mawakili, na wataalamu waliosajiliwa kutetea walipakodi mbele ya IRS ndio wenye mamlaka kamili ya kumwakilisha mteja ritani inapohojiwa.

Wenye kipato kidogo na wasiomudu Kiingereza vizuri wanaweza kupata msaada wa bure kupitia mpango wa kujitolea wa IRS unaojulikana kama VITA, ingawa inafaa kuuliza mapema iwapo kituo husika hushughulikia ritani za majimbo kadhaa.

Wananchi wanaofanya kazi nchini Marekani wanashauriwa kutunza kumbukumbu ya siku walizofanya kazi katika kila jimbo, mikataba ya pango inayoonyesha tarehe za kuhama, na nakala za W-2 zote. Wanashauriwa pia kumuuliza mtayarishaji maswali matatu kabla ya kumlipa: ni majimbo na miji mingapi inayohusika, nafuu imedaiwa katika jimbo lipi, na uthibitisho wa kupokelewa kwa kila ritani uko wapi. Mlipakodi ndiye anayewajibika kisheria kwa kilichoandikwa katika ritani yake, hata kama imeandaliwa na mtu mwingine.