MAELEZO KWA WAFANYAKAZI NA WANANCHI: PICHA INAPOKATIKA KUTOKA HIFADHI YA NYUMBANI

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaelezwa kuhusu matumizi ya visanduku vya kuhifadhia kumbukumbu ambavyo huunganishwa na mtandao wa ndani ya nyumba. Katika visanduku hivyo huwekwa picha za harusi, rekodi za maulidi na taarab, pamoja na sauti za wazee waliokwishatangulia mbele ya haki. Televisheni, kompyuta au simu iliyomo nyumbani huzichukua humo na kuzionesha.

Picha inapokwamakwama, au kisanduku kinapotoweka katika orodha ya televisheni, ushauri unaotolewa upesi ni kukirudisha katika hali ya kiwandani. Ushauri huo ni wa hatari. Katika baadhi ya visanduku kitendo hicho hufuta kila kilichomo, ilhali mara nyingi kasoro haikuwa humo. Inafaa ifahamike kwamba picha husafiri kutoka kwenye diski, ikapitia ruta, ikaishia kwenye televisheni. Uchunguzi uanzie kwenye televisheni na kurudi nyuma, na diski iwe ya mwisho kuguswa.

Kwanza, ichunguzwe televisheni. Filamu ile ile ifunguliwe kwa kompyuta. Ikienda vizuri huko, basi televisheni ndiyo isiyofahamu namna filamu ilivyofungwa. Mtindo wa H.265, uliotoka mwaka 2013, haufahamiki kwa televisheni nyingi za zamani. Hapo kisanduku hulazimika kuifasiri filamu papo kwa papo, na ubongo wake mdogo huelemewa. Dawa yake ni kuigeuza filamu mara moja kwa kompyuta iwe katika mtindo wa H.264 wa mwaka 2003, ambao takriban vifaa vyote huufahamu. Nakala ya asili isifutwe.

Pili, ichunguzwe njia. Filamu ya DVD huhitaji takriban megabiti 10 kwa sekunde, na ya Blu-ray huweza kufika 40. Ikiwa wimbo unasikika bila tatizo lakini filamu inakwama, dalili ni kwamba njia ni nyembamba. Televisheni iunganishwe na ruta kwa waya kwa muda. Kukwama kukikoma, kosa ni la waifai. Katika nyumba za Mji Mkongwe, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huyadhoofisha sana mawimbi. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi kubwa lakini hushindwa na kuta. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila kasi yake ni ndogo na hugongana na ya majirani. Katika nyumba kama hizo, waya mmoja uliopitishwa vyema hufaa kuliko ruta mpya ya bei kubwa. Aidha, ncha za waya zikaguliwe, kwani hewa ya chumvi huzitia kutu.

Tatu, ikiwa kisanduku hakionekani kabisa, zitazamwe anuani. Ruta hukigawia kila kifaa anuani yake, na baada ya kuzimwa na kuwashwa huweza kuibadilisha. Kisanduku kitengewe anuani ya kudumu katika ruta. Kadhalika, visanduku vikongwe huzungumza na kompyuta kwa lugha iitwayo SMB1. Lugha hiyo ndiyo iliyopenywa na programu haribifu ya WannaCry mwezi Mei 2017, na tangu toleo la Oktoba mwaka huo Windows 10 haiitumii tena kwa kawaida. Kisanduku kisasishwe programu yake. Haifai kuirudisha lugha hiyo kwa ajili ya kuangalia filamu.

Nne, utazamwe umeme. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka giza la Mei hadi Juni 2008, na lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Hata katika siku za kawaida, umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika huweza kuziharibu faili. Betri ya akiba inayokipa kisanduku dakika chache za kujizima kwa utaratibu ni kinga inayostahiki gharama yake. Diski ikisikika inagonga, au ikichukua muda mrefu kufungua faili ndogo, filamu zisiendelee kuchezwa. Vilivyomo vinakiliwe kwanza, kuanzia vile visivyopatikana tena popote.

Wapo wanaodhani kwamba kisanduku chenye diski mbili zinazoiga moja nyengine kinatosha kuwa salama. Dhana hiyo si sahihi. Diski mbili husaidia moja ikifa. Hazisaidii kitu kikifutwa kwa makosa, wala nyumba ikiungua au kisanduku kikiibiwa. Kinachofutwa katika ya kwanza hufutika katika ya pili papo hapo.

Suala jengine ni la jamaa walioko mbali. Uchukuliwe mfano wa mkaazi wa Mwanakwerekwe mwenye ndugu Chanika, yaani Chanika ya mjini Handeni, Mkoa wa Tanga, wala si ile ya Dar es Salaam. Akitaka ndugu hao waitazame harusi moja kwa moja kutoka kisanduku chake, kasi inayohusika ni ile ya kupeleka nje, ambayo aghalabu ni ndogo kuliko ya kupokea. Picha ya megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 1.8 kwa saa, na mzigo huo hulipiwa Unguja na Chanika pia ikiwa pande zote mbili zinatumia vifurushi vya simu. Zaidi ya hayo, kampuni za simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anuani moja ya nje, hivyo kisanduku hakifikiki kutoka mbali hata kikiwa kizima.

Wengine hushauriwa kufungua mlango katika ruta ili kisanduku kionekane duniani kote. Ichukuliwe hadhari. Mwezi Aprili 2021 programu iitwayo Qlocker, na Januari 2022 nyengine iitwayo DeadBolt, ziliviteka visanduku vya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti katika nchi mbalimbali, zikafunga faili za wenyewe na kudai fidia.

Kwa familia kama hiyo, njia nyepesi ni kunakili rekodi katika diski ndogo, kuifunga kwa neno la siri, na kumkabidhi jamaa anayevuka kwa boti na kuendelea kwa basi hadi Handeni. Ndugu wataitazama harusi bila ya kukwama na bila ya gharama ya kifurushi. Juu ya hayo, familia itakuwa na nakala ya pili nje ya kisiwa, na hiyo ndiyo hifadhi ya kweli. Nakala hiyo ifunguliwe na kujaribiwa angalau mara moja kwa mwaka.

Wananchi wanasisitizwa kwamba kisanduku kipya hununuliwa dukani, lakini sauti ya mzee aliyefariki hainunuliwi. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote cha kufuta, mwenye kifaa ahakikishe kwamba nakala nyengine ipo, na kwamba inafunguka.