Je, Wajua? Moyo kwa Tarakimu Tano

Je, wajua kwamba nchini Marekani ile ECG unayopimwa kliniki, waya kifuani na mikononi, ikifika kwa bima huitwa 93000 tu? Ni msimbo wa kitabu cha CPT, kinachotolewa na Chama cha Madaktari cha Marekani tangu 1966.

Wajua kwamba kipimo hichohicho kina misimbo mitatu? 93005 ni kuchukua mchoro peke yake. 93010 ni kuusoma na kuandika ripoti. 93000 ni yote mawili. Daktari aliyeletewa mchoro uliochukuliwa kwingine, akidai 93000, amedai na malipo ya mashine isiyo yake. Ndugu uliye huko, omba bili yenye mchanganuo uzitazame tarakimu mbili za mwisho.

Kupima moyo ukiwa unatembea kwenye mashine kuna misimbo minne: 93015 kazi nzima, 93016 usimamizi, 93017 mchoro, 93018 usomaji.

Eko kamili ya moyo (picha kwa mawimbi ya sauti), pamoja na Doppler na rangi za mkondo wa damu, ni 93306. Ya kuangalia sehemu tu ni 93308. Ikiwa mashine ni ya hospitali na daktari amesoma picha tu, 93306 hufuatwa na nyongeza 26.

Wajua kwamba ugonjwa nao una msimbo wake? Presha ni I10. Lakini mgonjwa mwenye presha ambaye pia moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri haandikiwi I10. Huanza I11.0, kisha msimbo wa I50, kwa kuwa kanuni huyahesabu maradhi hayo kuwa yana uhusiano mpaka daktari aandike vinginevyo. Marekani hutumia orodha hii ya misimbo ya magonjwa, ICD-10-CM, tangu Oktoba 1, 2015. Chimbuko lake ni orodha ya sababu za vifo ya Mfaransa Jacques Bertillon, ya mwaka 1893.

Na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Daktari wa kliniki akiandika "nashuku mshtuko wa moyo", mweka misimbo haruhusiwi kuandika mshtuko wa moyo. Anaandika kile mgonjwa alichokuja nacho: maumivu ya kifua, R07.9. Shaka ya asubuhi moja haiingii kwenye faili kama ugonjwa. Kwa aliyelazwa hospitali kanuni ni nyingine: shaka iliyobaki hadi siku ya kuruhusiwa inaweza kuandikwa kama ugonjwa wenyewe.