Chaki ya kerezo si ya kununuliwa kwa pupa

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe, huenda ni kweli. Kwa kerezo, ile mashine izungushayo mti ili uchongwe mviringo, methali hiyo yaweza kumpotosha mwalimu na kumtia kilema mwanafunzi.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 ulisisitiza stadi za mikono, na mtaala wa umilisi wa leo wasisitiza vivyo hivyo. Lakini karakana haiwi karakana kwa kujazwa mitambo tu. Usalama wa kerezo wategemea sana kifaa kinachoushika mti, yaani chaki. Hiyo, ndugu mwalimu, si ile ya ubaoni.

Swali la kwanza si bei, bali kazi. Mguu wa kitanda au mchi wa kinu hushikwa ncha zote mbili, kama walivyofanya wakereza wa kale walioendesha kerezo kwa uta. Kazi hizo hazihitaji chaki. Bakuli ndilo lenye matata, kwa kuwa sharti upande mmoja uachwe wazi lipate kuchimbwa. Hata hapo, shule isiyo na fedha yaweza kuanza kwa bamba la chuma na skrubu.

Shule ikiamua kununua, na ipime kwanza hesi za mhimili wa kerezo lake. Makerezo mengi ya Ulaya yana mhimili wa milimita 33. Mengi ya Marekani yana wa inchi 1, wenye hesi 8 kwa kila inchi. Chaki isiyolingana na mhimili ni pambo la kabati.

La pili ni taya. Chaki ya taya tatu iliyoazimwa kutoka karakana ya vyuma haishiki sawasawa mti wa pembe nne, na taya zake zichomozazo zaweza kuvunja kidole. Chaki ya mti huwa na taya nne zisogeazo pamoja, nazo hushika barabara zaidi zinapokaribia kuwa duara kamili. Kwa hiyo ulimi wa bakuli ukatwe kwa kipimo cha taya, wala taya zisipanuliwe kupita kiasi.

Wako watakaosema cha bei nafuu kinatosha, mradi mwanafunzi ajifunze. Bei nafuu si dhambi, ikiwa chaki yalingana na mhimili na kazi. Isipolingana, bakuli lizungukalo mara 1,000 kwa dakika likichomoka halichagui uso wa kuupiga.

Basi walimu wakuu, kabla ya kutia sahihi hati ya ununuzi, mwiteni mwalimu wa useremala mumsikilize. Nanyi wanafunzi, vaeni kinga ya uso, na msiwashe kerezo kabla ya kuuondoa ufunguo kwenye chaki. Bakuli lililoharibika hukerezwa jingine, jicho halikerezwi.