Kinga ya rais hukomea wapi?

Tarehe 25 Oktoba 2017, majaji watatu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, waliidhinisha kwa siri uchunguzi kuhusu Burundi. Siku mbili baadaye Burundi ikajitoa rasmi katika Mkataba wa Roma, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Uamuzi wa majaji ulitangazwa Novemba 9.

Mkazi wa Magarama, mjini Gitega, ana haki ya kuuliza: nchi ikishatoka, rais wake si amepona? Hakupona. Ibara ya 127 inasema kujitoa hakufuti wajibu wa wakati wa uanachama. Ndiyo maana uchunguzi unaanzia 26 Aprili 2015, siku moja baada ya chama tawala, CNDD-FDD, kumteua Rais Pierre Nkurunziza agombee muhula wa tatu, na kuishia 26 Oktoba 2017. Katika kipindi hicho watu wasiopungua 1,200 wanadaiwa kuuawa.

Kinga yenyewe ipo, tena ina sababu. Mwaka 2002 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliamua kwamba Ubelgiji haikuwa na haki ya kutoa hati ya kumkamata Yerodia Ndombasi alipokuwa waziri wa mambo ya nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi moja haimhukumu kiongozi aliye madarakani wa nchi nyingine. Mbele ya ICC mambo ni tofauti: Ibara ya 27 haitambui cheo, na mwaka 2019 majaji wa rufaa walilisisitiza hilo katika suala la Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan.

Umoja wa Afrika ulikwenda upande mwingine. Itifaki ya Malabo ya 2014 inaipa mahakama ya Afrika uwezo wa kusikiliza kesi za jinai, lakini inawakinga marais walio madarakani. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu linampa mtuhumiwa sababu ya kung'ang'ania Ikulu.

Burundi yenyewe imeshamhukumu rais mstaafu. Oktoba 2020 Mahakama ya Juu ya nchi ilimpa Pierre Buyoya kifungo cha maisha, akiwa hayupo, kwa mauaji ya Rais Melchior Ndadaye ya 1993. Buyoya aliyakana mashtaka, akasema kesi ni ya kisiasa. Alifariki Desemba mwaka huohuo.

Nkurunziza alifariki 8 Juni 2020, ICC ikiwa haijatangaza hati yoyote dhidi yake. Marehemu hashtakiwi. Walio hai bado wanaweza kushtakiwa, kwani Ibara ya 29 ya Mkataba wa Roma haiwekei makosa haya ukomo wa muda.