Kupiga Ukulele Uzi kwa Uzi

Kinanda kikubwa ni mali ya makanisa yenye fedha. Kigangoni kwetu hata gitaa hatuna. Tunayo ukulele, yenye nyuzi nne na urefu wa nusu mita tu, niliyoachiwa na mwalimu mmoja alipohama.

Msiidharau. Asili yake ni kisiwa cha Madeira, cha Wareno. Mwaka 1879 meli Ravenscrag ilifikisha Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, watu walioajiriwa kulima miwa. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, nao wakaanza kuunda vigitaa vya kwao. Mfalme Kalakaua akavipenda, na jina la Kihawaii hufasiriwa mara nyingi kuwa “kiroboto arukaye”.

Mwanzoni nilikuwa nikikwangua nyuzi zote pamoja, chaka-chaka-chaka, kwa nguvu. Watoto wa kwaya wakapiga makelele ili wasikike. Wale wenye sauti nyembamba wakanyamaza kabisa. Basi nikaazimia kujifunza arpejio, yaani kuzigusa nyuzi moja moja kwa zamu, kama mpiga kinubi.

Jumapili ya kwanza niliaibika. Wimbo wa Komunyo waanza na do. Nikatangulia na uzi wa nne, ulio karibu na kidevu, nikidhani ndio mzito kama katika gitaa. Watoto wakaushika mlio ule, wakapanda nao, na katikati ya ubeti sauti zikawakatika. Tukaanza upya, wazee wakitazama chini.

Kumbe katika ukulele nyingi uzi wa nne si mzito! Tukiifanya C kuwa do, nyuzi zisipobanwa husema hivi: wa nne so, wa tatu do, wa pili mi, wa kwanza la. Mlio wa chini kabisa umo katika uzi wa tatu. Bana uzi wa kwanza kwa kidole cha pete katika nafasi ya tatu (nafasi huhesabiwa tangu kichwani), na badala ya la utapata do ya juu. Sasa piga uzi wa tatu, wa pili, wa nne, wa kwanza. Utasikia do, mi, so, do, kama mtu apandaye ngazi. Gumba hupiga uzi wa tatu na wa nne, kidole cha shahada wa pili, cha kati wa kwanza.

Kwenda F, inua kidole cha pete. Cha kati kibane uzi wa nne nafasi ya pili, na cha shahada uzi wa pili nafasi ya kwanza. Kutoka hapo kwenda G7, cha shahada kisiondoke. Cha kati kihamie uzi wa tatu, cha pete kishike uzi wa kwanza, vyote nafasi ya pili. Badiliko hilo moja lilinichukua wiki tatu, kila jioni baada ya kufunga ofisi ya parokia, nikihesabu polepole kuliko saa ya ukutani.

Jumapili iliyopita nilipiga do, mi, so, do mara mbili, nikainua kichwa kuwapa ishara. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, katika wale walionyamaza, alikuwa amekwisha kuanza kuimba.