Somo la Redio: Kutazama Ubongo wa Mtoto Angali Tumboni

Ninyi wa Endasak, chini ya mlima Hanang, nanyi nyote mnaosikiliza, fungueni vitabu. Someni pole pole, mkifuata kwa kidole.

Wako watoto wanaozaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi. Watu husema ni laana, au mama amerogwa. Sivyo. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vidogo vyenye maji. Maji hayo hutengenezwa kila siku, nayo hutoka kwa njia yake. Njia ikiziba, maji hujaa kama mfereji uliozibwa na matope. Vyumba hutanuka, ubongo hubanwa, kichwa hukua. Ugonjwa huu huitwa kichwa maji.

Je, waweza kuonekana kabla mtoto hajazaliwa? Mara nyingi, ndiyo. Chombo chake ni altrasaundi. Mtaalamu humpaka mama jeli tumboni, kisha hupitisha kifaa juu yake. Kifaa hutoa sauti nyembamba mno, sikio haliisikii. Sauti humfikia mtoto, halafu hurudi kama mwangwi wa mtu aitaye penye jabali. Mashine hugeuza mwangwi huo kuwa picha. Mama haumii.

Katika picha hiyo mtaalamu hupima vyumba vya maji. Upana wa chumba ukifika milimita 10 au kuzidi, mama hupimwa tena. Hutazamwa na mgongo pia, kwa maana mtoto mwenye mgongo wazi mara nyingi hupata kichwa maji.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito apimwe kwa altrasaundi mara moja kabla ya wiki 24. Basi usingoje tumbo liwe kubwa. Nenda kliniki mapema, ukaulize kipimo hiki kinapatikana wapi.

Faida yake nini? Ni kupata nafasi ya kujiandaa. Mama atazalia katika hospitali yenye wapasuaji, kama ile ya Haydom, wilayani Mbulu. Upasuaji wa ubongo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mpasuaji aweza kutia mrija mwembamba unaopeleka maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mtoto akichelewa, ubongo huharibika. Lakini Dar es Salaam ni mbali, na nauli si kidogo. Jamaa iliyojua katika mwezi wa tano ina miezi minne ya kuuza mbuzi na kupatana nani atabaki na watoto nyumbani.

Hata hivyo, picha njema si ahadi. Wengine huugua baada ya kuzaliwa, kwa sababu ya maradhi ya ubongo. Kwa hiyo kichwa cha mtoto kipimwe kliniki.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Njia ya maji ikiziba, ubongo hupatwa na nini?
2. Kwa nini mama apimwe kabla ya wiki 24?
3. Jamaa yako ingejiandaaje kwa safari ya hospitali?

Kwaherini, ndugu, hadi somo lijalo.